Kopo la Chai na Mti wa Kafuri

Mpendwa Mama Neema,

Asubuhi hii nimepanda mchikichi kilimani, na udongo bado uko kwenye kucha zangu. Nimeona nikuandikie kabla sijanawa vizuri, kwa maana nikishanawa na kukaa mezani nitaanza kusahihisha kila neno, nawe hukupenda barua zangu zilizosahihishwa. Ulisema zinanuka chaki.

Barua hii naiacha wazi. Majirani waisome, na wale niliowafundisha waisome pia, kwa sababu wengi wameniuliza sokoni na nje ya kanisa kama ni kweli kwamba Papa Mwalimu anahamia China. Sikumjibu hata mmoja. Ilinipasa nikujibu wewe kwanza.

Mwenye swali ni binti yetu Neema. Alipiga simu Jumapili baada ya misa, akasema bila kupumua, kama kawaida yake: "Papa, pale mahali hapako tena. Ziwa limekula. Acha kungojea maji. Lete kitovu cha mutoto, tukizike huku kwa Mama Wen, chini ya ule muti. Mlinzi amekubali. Na ukifika, ubakie kwetu. Kalemie utakaa na nani?"

Nilimwambia kwamba nitafikiri.

"Papa, unafikiri tangu tumuzike Mama," akasema, kisha akampa simu mtoto, naye akaniimbia wimbo wa Kichina ambao sikuuelewa hata neno moja.

Nimefikiri, basi. Na kila nilipoanza kufikiri nilijikuta tuko wawili tena katika wilaya ya kwao Wen, mkwe wetu, wewe umevaa koti la mama yake lililokubana mabegani, mimi nimeshika mwavuli ambao haukufunguliwa siku zote zile.

Unakumbuka tulivyofika. Basi lilikuwa likiingia ndani ya mlima na kutokea upande wa pili, linaingia katika mwingine, na kila tulipoingia gizani ulifanya ishara ya msalaba, mpaka ukaacha. Nilipokuuliza ulinijibu kwamba mkono umechoka, na kwamba Mungu amekwisha kuelewa. Kisha bonde likafunguka: mto wa kijani chini kabisa, mianzi kando yake, na milima miwili iliyokatwa ngazi kutoka mguuni hadi kileleni, ngazi za mpunga zikimeta maji, na juu yake ngazi za chai. Ulitazama kwa muda mrefu. Wewe mtu wa Moba, wa nyanda za juu, ulikuwa na haki ya kuhukumu mlima.

"Inafanana na kwetu," ulisema. "Ila hawa wamechana nywele za mlima."

Mama yake Wen alitungoja mlangoni. Ulimkabidhi mfuko wa ndakala uliokuwa umeupigania safari nzima. Pale uwanja wa ndege, kabla mtu wa forodha hajauliza lolote, ulikuwa umekwisha kuufungua mbele yake na kutangaza: "Iko samaki. Kadogo, kakavu. Ya wakwe." Alinusa, akarudi nyuma, akaandika kitu, akatuacha tupite. Mimi nilitaka kufa kwa haya. Lakini Mama Wen aliwakaanga wale ndakala kwa tangawizi na pilipili, akala kwanza yeye, akafunga macho, kisha akakushika mkono akakuingiza jikoni, na tangu siku ile sikuwaona tena ninyi wawili ila wakati wa kula. Mlizungumza asubuhi nzima, kila mmoja kwa lugha yake, wala hakuna aliyemkatiza mwenzake. Nimefundisha lugha maisha yangu yote na sijaona mazungumzo yaliyokwenda vizuri kuliko yale.

Tulikuwa tumeitwa kwa ajili ya karamu ya mtoto kutimiza mwezi. Karamu ilifanyika katika nyumba ya ukoo wao, nyumba kubwa ya mbao nyeusi yenye ua katikati ambamo mvua huanguka kutoka pande nne za paa. Wen alitueleza kwamba ukoo unaamini mvua hiyo ni mali, nayo haipaswi kumwagikia nje. Mayai yaliyopakwa rangi nyekundu yaligawiwa kila meza. Kinyozi akamnyoa mtoto, na nywele zake zikafungwa katika kitambaa.

"Hata sisi tunanyoa," uliniambia, umeridhika. "Muulize Wen, kitovu wanafanyia nini?"

Wen hakujua. Wakati mama yake alipomlea yeye hakuna aliyemweleza mambo hayo. Lakini Neema alikuwa amekihifadhi kitovu cha mwanawe katika kipande cha pamba, kama ulivyomwagiza kwa simu, na usiku wa karamu alikukabidhi.

Kwa wale wasiotoka kwenu, na hasa kwa sisi wa Kongolo tuliopelekwa shule ya misheni tungali wadogo tukakosa kufundishwa na bibi zetu, niliweke jambo hili wazi. Kitovu cha mtoto kikikatika, bibi wa upande wa mama hukizika kwenye shina la mchikichi mchanga. Mti hukua pamoja na mtoto. Mtu akiulizwa kwake ni wapi, haanzi kutaja mtaa wala wilaya, anaonyesha mti. Kitovu cha Neema kilikuwa chini ya mchikichi wetu wa mtaa wa chini, hatua chache kutoka mahali ulipoanika samaki, na mara mbili kwa mwaka ulimpelekea jikoni mawese ya mti wake mwenyewe. Kabla hatujaondoka Kalemie tulikuwa tumekubaliana kwamba cha mjukuu kitarudi nasi, kizikwe kando ya cha mama yake. Mimi nilipenda uamuzi huo. Ulikuwa na utaratibu.

Ukapotea utaratibu wote siku tulipouona mti.

Wen alitaka tuone kila kitu. Wilaya yao imeanza kupokea wageni. Vijana wengi wamekwenda mijini, mashamba ya juu yamebaki kwa wazee, na wakubwa wa wilaya wameamua kwamba vitu vya kale visaidie kuwalisha waliobaki. Kila penye jiwe la zamani pana kibao: jiwe hili ni la umri gani, lilichongwa na nani, na mgeni asifanye nini karibu nalo. Nilivipenda vile vibao. Ulisema nimepata nchi yangu.

Tulianza na daraja. Ni daraja la mbao lililoezekwa paa kama nyumba, limeruka mto kwa upinde mmoja bila nguzo ndani ya maji, na boriti zake zimesukwa moja ndani ya nyingine pasipo msumari hata mmoja. Ndani yake mna mabenchi pande zote mbili, na katikati kuna madhabahu ndogo yenye moshi wa ubani. Wazee walikuwa wameketi wanacheza karata. Ulikaa miongoni mwao bila kuombwa, nao wakakusogezea karanga.

Mama Wen akatusimulia, Neema akitafsiri, kwamba mto uliwahi kufurika ukalibeba daraja zima. Watu walisimama kwenye mvua wakalitazama likienda kama jahazi. Maji yalipopungua, vijiji vya chini vilianza kuokota boriti, hii imekwama kwenye mianzi, ile kwenye shamba la mtu. Mtu aliyeweza kuitumia kujengea zizi hakuitumia. Ziliwekwa kando ya barabara, zikakusanywa, na mafundi wazee wakalisuka upya daraja lilelile kwa miti ileile, kila boriti mahali pake.

"Hakuna aliyeiba hata moja?" ulimwuliza Neema. "Hata ya kupikia?"

Neema akauliza. Mama Wen akacheka, akajibu maneno mengi.

"Anasema moja ilikawia kurudi. Mwenyewe aliileta baada ya watu wa kijiji chake kukataa kumsalimia."

"Sasa hiyo ndiyo hadithi ya kweli," ulisema, ukala karanga.

Hatukujua wakati ule kwamba tungelihitaji lile fundisho la boriti. Nitalifikia.

Siku nyingine tulipanda njia ya mawe. Hiyo njia ni ya wachukuzi wa chumvi, inavuka mlima kwa ngazi, na kila ngazi imechimbika katikati kwa miguu ya watu waliopita na mizigo. Ulivua kiatu ukaweka mguu wako katika shimo mojawapo, ukatulia kama mtu anayesikiliza mapigo ya mgonjwa. Kule juu kuna kibanda cha mapumziko chenye mtungi wa chai ya baridi. Tangu zamani familia za pale hupokezana zamu, kila siku mmoja huujaza mtungi kwa ajili ya wapita njia asiowajua. Zamu siku ile ilikuwa ya bibi mmoja asiye na meno, ambaye alituangalia tukinywa mpaka tukamaliza, kisha akakugusa shavu.

Nilipokuwa napumzika nilikukumbusha kwamba sisi nasi tuna njia kama hiyo. Wachukuzi walivuka ziwa, wakashuka Mtowa hapo kaskazini kwetu, wakafuata njia ya Manyema wakiwa na mizigo kichwani. Nikasema ni aibu kwamba kwetu hakuna kibao hata kimoja. Kituo cha reli, mizinga ya vita iliyoko kilimani, njia yenyewe, vyote viko tu, mbuzi wanavikalia.

"Wa huku walibeba chumvi, wakarudi kwa wake zao," ulisema. "Wa kwetu wengi hawakurudi. Wewe ungeandika nini kwenye kibao, Papa Neema?"

Tulikunywa chai. Chini yetu wageni wa mjini walikuwa wakipanda wakimfuata msichana mwenye kipaza sauti, nao walipotufikia walisahau njia ya mawe wakaanza kutupiga picha sisi.

"Tumekuwa kivutio," ulininong'oneza. "Funga kifungo cha shingo, ukae vizuri."

Mti tuliufikia siku mbili kabla ya kuondoka. Uko mwisho wa daraja, upande wa kijiji, mti wa kafuri mkubwa hivi kwamba watu wanane hawangeuzunguka kwa mikono, matawi yake yameshikwa na nguzo za chuma kama mzee mwenye wajukuu pande zote. Ulipasua jani, ukalinusa, ukanipa. "Dawa ya kifua," ulisema. Kwenye shina na kwenye matawi ya chini palikuwa na tepe nyekundu, mamia, nyingine mpya, nyingine zimepauka, na kila moja imeandikwa jina.

Mimi nilikwenda moja kwa moja kwenye kibao. Wen alinitafsiria: ni marufuku kupanda juu ya mti, ni marufuku kuchimba, ni marufuku kuwasha moto. Nikageuka ili nikuambie. Ulikuwa umekwisha kupiga magoti kati ya mizizi miwili, kitenge umekikunja, mkononi una kijiko cha Mama Wen.

Ulikuwa umeona majina ya watoto juu ya mti, ukaelewa kama ambavyo kila mama wa kando ya ziwa letu angeelewa: kwamba hapa ndipo vitovu vya kijiji kizima vimezikwa. Uliniambia baadaye ulivyowaza. Mchikichi wetu ulikuwa mzee, sisi tulikuwa wazee, na hapa palikuwa na mti ambao haungekufa kabla ya mtoto. Ukabadili shauri bila kunishauri.

Nikasema, "Mama Neema, kibao kinakataza."

"Kibao hakijui nina mutoto," ulijibu, ukaendelea.

Ndipo firimbi ikapigwa. Mlinzi akaja akikimbia, mzee mwembamba mwenye utepe wa kazi mkononi na meno ya tumbaku, akazungumza kwa hasira mpaka wacheza karata wakatoka darajani kuja kutazama. Neema alitaka ardhi immeze.

"Anauliza unatafuta nini, Mama. Simama, tafadhali."

"Mwambie natafuta nafasi. Muulize vitovu vya watoto wao viko upande gani, nisije nikachanganya."

"Mama, mbele za watu!"

"Kwani hawa watu hawana vitovu?"

Neema akatafsiri kwa sauti ndogo, macho chini. Mlinzi akashusha firimbi. Kisha Mama Wen akaanza kucheka, akashika nguzo ya chuma asianguke, na mlinzi, baada ya kujaribu kukaza uso, akaketi juu ya mzizi na kuomba aonyeshwe mtoto ni yupi.

Alimtazama mtoto vizuri, akatueleza. Chini ya mti ule hakuna kitovu chochote. Tepe zile ni za watoto waliokabidhiwa mti. Mtoto akiwa dhaifu, au mwenye kulia sana, wazazi humleta hapa, mti unafanywa mama yake wa pili, jina linafungwa, na kila mwaka mpya mtoto anarudi kumwamkia mama yake kwa chakula kidogo. Yeye mwenyewe, mlinzi, alikabidhiwa akiwa mchanga. Ndiyo maana aliomba kazi ile uzeeni.

"Basi ni mama wa ubatizo," ulisema.

"Mama, si ubatizo," Neema akasema.

"Mutoto ameletwa, jina limetajwa, iko anayejibu juu yake. Sasa kimekosa nini?"

Nilikwambia, kwa sababu lilikuwa jambo la kusemwa, kwamba mti hauwezi kushika nafasi hiyo katika sakramenti.

"Padri hayuko, Papa Neema. Punguza sauti."

Utepe ukanunuliwa palepale kwa mama mmoja wa kijiji, Wen akaandika majina yote mawili, Lan la kwao na Helena, jina lako, na mlinzi mwenyewe akaufunga juu, mahali ambapo mvua haipigi sana. Lakini kuchimba alikataa. Mizizi ni ya serikali, alisema. Hapo Mama Wen akachukua kile kitambaa cha pamba mkononi mwako, akakitia katika kopo la bati alilokuwa amebebea majani ya chai yetu ya safari, akakurudishia, na Neema akatafsiri maneno ambayo nimeyakumbuka kila siku tangu wakati ule:

"Huku mtoto ataweka miguu yake kila siku, hatapasahau. Kitovu kiwe kwenu, ili apakumbuke."

Uliinama ukamshukuru. Kisha uliomba kwenda kuosha kijiko mtoni, ukashuka peke yako na kopo kwapani. Tulikungoja. Nilidhani unalia, nikaona ni heshima nisikufuate.

Tulirudi Kalemie na kopo. Ulitaka kungoja mvua za kwanza ndipo upande. Mvua zikaja, na ziwa likaja pamoja nazo. Sitasimulia sana, wanaosoma hapa walikuwepo. Maji yaliingia uani polepole, bila ghadhabu, kama mgeni asiyejua kuaga. Kuta za matofali ya udongo zikalainika. Mchikichi wa Neema ukasimama ndani ya maji miezi, makuti yakageuka rangi, ukaanguka upande wa ziwa.

Ndipo lile fundisho la daraja likarudi. Ulisimama na maji magotini ukiwaelekeza vijana wa mtaa: mbao zote za paa la nyumba yetu zibebwe kilimani, na za majirani vilevile, kila rundo liwekwe alama ya mwenyewe. Jirani mmoja alipoanza kupasua boriti ya mwenzake awashe moto ulimwita kwa jina la mama yake, mbele ya watu wote, ukamwambia: "Wewe hatutakusalimia." Akairudisha. Nyumba ninamoandikia barua hii imeezekwa kwa mbao zilezile. Kila boriti iko mahali pake; nilikagua mwenyewe.

Kopo uliliweka juu ya kabati. "Maji yakirudi tutapanda palepale," ulisema. Ulipoanza kukohoa ulisema hivyohivyo. Maji yalikawia kuliko wewe.

Sasa yamerudi nyuma kiasi. Nilikwenda kupaangalia baada ya simu ya Neema. Pale palipokuwa uani pana mchanga mweupe na visiki viwili, na wavuvi wanaanika nyavu zao. Sikuona hata mahali pa kusimama niseme hapa palikuwa mlango. Binti yetu alisema kweli: mahali hapako. Kwa mpangilio wa hoja alikuwa sahihi pia. Kule kuna mti usiokufa, kuna mlinzi aliyekubali, kuna mtoto mwenyewe anayecheza chini yake. Huku kuna mzee na kopo. Nilikesha na jambo hilo, na hadi kunapambazuka nilikuwa karibu kumwambia ndiyo, kwa yote mawili, kitovu na mimi.

Kilichonizuia ni kwamba sikuwa nimewahi kulifungua kopo. Ni kazi ya wanawake, nami sikutaka kulipeleka mbali namna ile bila mwanamke kuhakikisha kilichomo kingali kizima. Nikamwita Mama Sifa, rafiki yako wa samaki, yule wa Fizi. Alikuja leo alfajiri na kanga begani, akaona mche wa mchikichi nilionunua mwezi uliopita nisijue nitaufanyia nini.

"Papa Mwalimu, huyu muti umeuweka mlangoni kama mgeni ambaye hajakaribishwa. Unangoja nini?"

"Nangoja uamuzi."

"Wa nani? Mwenye kuamua yuko makaburini, na hakuwahi kukuuliza hata alipokuwa hapa."

Aliketi, akalifungua kopo juu ya magoti yake. Nilitazama pembeni, kama inavyopasa. Nikasikia kucha zake zikikwaruza ndani ya bati.

"Njoo uone," alisema. "Hii si chai."

Kitambaa kilikuwamo, kikavu na kizima. Lakini chini yake na pande zake zote kopo lilikuwa limejazwa udongo mweusi wenye nyuzi za mizizi. Mama Sifa alichukua kidogo katika vidole, akausugua, akaunusa, kisha akaninusisha.

"Hii udongo si ya Kalemie," alisema. "Inanuka dawa ya kifua."

Mlinzi alikuwa amechelewa kupiga firimbi. Ulichokuwa umekwisha kukichimba ulikikunja ndani ya kitenge, ukashuka nacho mtoni, na tukiwa tunakungoja huku juu kwa heshima, wewe ulikuwa unalijaza kopo udongo. Ukakivusha mipaka yote, ukakiweka juu ya kabati, ukanihudumia chakula chini yake miaka yote ile bila kusema neno.

Mama Sifa alicheka mpaka kanga ikaanguka. "Shika jembe," aliniambia. "Chimba tu, usifundishe."

Nilichimba. Yeye akakiweka, akamimina udongo wote wa kopo juu yake, akasema maneno ambayo si yangu kuyasikia, kisha tukasimamisha mche. Uko nyuma ya nyumba, juu vya kutosha. Kutoka pale linaonekana ziwa lote, na ziwa halitapafikia, au likipafikia basi Kalemie yote itakuwa imekwisha kuhama.

Kwa hiyo jibu langu kwa Neema ni hili, nawe ndiwe shahidi. Sitahamia. Mche unahitaji maji mpaka ushike, na kaburi lako linahitaji mtu wa kung'oa majani. Lakini nitakwenda wakati wa likizo zao za mwaka mpya, watoto wanapokwenda kumwamkia mama yao wa mti, nikamshike Lan mkono tukamwamkie pamoja. Nimelisugua kopo, nikalikausha juani, nikalijaza udongo wa shimo la leo. Nitalifungua mbele ya mtu wa forodha kabla hajauliza, kama ulivyofanya wewe kwa ndakala. Akiuzuia udongo, nitamweleza. Nimewahi kuwaeleza wagumu kuliko yeye.

Na nikifika chini ya mti wa kafuri nitalifungua kopo kati ya mizizi ileile miwili. Najua mlinzi atashika firimbi yake. Nitamwonyesha kibao. Kinakataza kupanda, kinakataza kuchimba, kinakataza moto. Kumimina hakikukataza. Nilikisoma vizuri, Mama Neema, wakati wewe ulipokuwa umepiga magoti.

Jua limefika kwenye kaburi lako saa hizi. Nikishamwagilia mche nitakuja na jembe dogo.

Ulale salama.

Mume wako,
Papa Neema
Kalemie, kilimani